Usiku Mmoja wa Besiboli ya Miaka ya 1980: Shea Stadium 1986 au Dodger Stadium 1988?

Kwa anayetaka kuifahamu besiboli ya kulipwa ya Marekani ya miaka ya 1980, na ambaye ana usiku mmoja tu wa kuketi mbele ya kioo cha televisheni, mazungumzo huishia karibu kila mara kwenye michezo miwili. Wa kwanza ni mchezo wa sita wa fainali za World Series za mwaka 1986, uliochezwa tarehe 25 Oktoba katika uwanja wa Shea Stadium, New York, kati ya New York Mets na Boston Red Sox. Wa pili ni mchezo wa kwanza wa fainali za mwaka 1988, uliochezwa tarehe 15 Oktoba katika uwanja wa Dodger Stadium, kati ya Los Angeles Dodgers na Oakland Athletics. Yote miwili ilionyeshwa na televisheni ya NBC, na katika yote miwili mtangazaji mkuu alikuwa Vin Scully, kwa hiyo anayeilinganisha hana haja ya kujiuliza kama amevutiwa na mchezo wenyewe au na sauti ya anayeusimulia.

Muongo ule haukuwa na uhaba wa mambo ya kusimulia. Katika miaka 10 timu 9 tofauti zilitwaa ubingwa, na ni Dodgers pekee waliourudia, mwaka 1981 na mwaka 1988. Mwaka 1981 Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka jimbo la Sonora, Mexico, alishinda michezo yake 8 ya kwanza, kisha akatwaa kwa pamoja tuzo ya mchezaji mpya bora na tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya katika msimu mmoja. Lakini hadithi yake ni ya msimu mzima, wala haiingii katika usiku mmoja. Mwaka 1985 St. Louis Cardinals walikuwa karibu kabisa na ubingwa pale mwamuzi Don Denkinger alipomhesabu Jorge Orta wa Kansas City Royals kuwa amefika salama, ilhali picha zilionyesha kuwa mpira ulimtangulia. Usiku huo unafaa kwa anayependa kubishana juu ya waamuzi, na sisi wa soka tumeshashiba mabishano hayo. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi liliipiga San Francisco na viunga vyake saa 11 na dakika 4 jioni, tarehe 17 Oktoba, muda mfupi kabla ya mchezo wa tatu kuanza, watu 63 wakafariki, na mchezo ukaahirishwa kwa siku 10. Hilo ni tukio la kukumbukwa, ila si mchezo wa kutazama, kwa kuwa usiku ule haukuchezwa.

Kabla ya kulinganisha, maneno machache kwa mgeni. Aliyecheza raunda shuleni ana nusu ya safari tayari: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi nyumbani, na kila anayefika nyumbani ni alama moja. Mchezo una awamu 9, na katika kila awamu timu inaendelea kupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe. Mpigaji hutolewa kwa straiki tatu, yaani kuukosa mpira au kuuacha mpira mzuri upite, na huzawadiwa kituo cha kwanza mrushaji akikosea shabaha mara nne, yaani akitoa boli nne. Mpira unaopigwa ukaenda kando ya mistari huhesabiwa straiki, isipokuwa kama mpigaji ameshafikisha straiki mbili. Hapo anaweza kuendelea kuupeleka kando kadiri atakavyoweza, na mrushaji hana la kufanya ila kurusha tena. Zaidi ya yote, hakuna saa. Timu inayoongoza haiwezi kurudisha mipira nyuma na kusubiri filimbi. Ni lazima imtoe mtu wa mwisho. Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyoizaa michezo yote miwili tunayoijadili.

Tuanze na ule wa mwaka 1988, kwa sababu ni mwepesi kusimulika. Athletics walikuwa wameshinda michezo 104 katika msimu na walionekana kama ndovu mbele ya sungura. Jose Canseco alikuwa mchezaji wa kwanza katika historia ya ligi kuu kufikisha mipigo 40 ya kuvuka uzio, ile inayomrudisha nyumbani mpigaji na wote walio vituoni, na kuiba vituo 40, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, katika msimu mmoja, na kando yake alikuwapo Mark McGwire. Dodgers walikuwa wamefika fainali kwa kuwatoa Mets katika michezo 7, na katika shughuli hiyo mpigaji wao mkuu, Kirk Gibson, aliumia msuli wa nyuma ya paja la kushoto na goti la kulia. Usiku ule hakutoka hata kusalimia watazamaji wakati timu zilipotambulishwa. Dodgers walitangulia kwa alama 2, lakini katika awamu ya pili Canseco aliupiga mpira ukavuka uzio wa katikati wakati vituo vyote vitatu vina watu, na kwa pigo hilo moja Oakland wakaongoza 4-2. Baadaye Dodgers walipunguza pengo hadi 4-3, na matokeo yakabaki hivyo mpaka awamu ya tisa.

Hapo aliingia Dennis Eckersley, mrushaji wa kufungia michezo, ambaye msimu ule alikuwa amelinda ushindi mara 45. Aliwatoa wawili wa kwanza bila jasho. Wa tatu alikuwa Mike Davis, aliyewahi kuwa mwenzake hapo Oakland, na Eckersley, akizikumbuka nguvu za Davis wa zamani na kuona kwamba anayefuata katika duara la kusubiri ni mchezaji wa kawaida, alimrushia kwa tahadhari hadi akampa boli nne. Mchezaji yule wa duarani alikuwa chambo. Gibson alikuwa chini ya jukwaa, amejifunga barafu magotini, akiipiga mipira iliyowekwa juu ya kijiti ili ajaribu kama mwili utakubali. Kisha alimtumia kocha Tommy Lasorda ujumbe kwamba anaweza kupiga mara moja.

Sehemu hii inastahili kutazamwa kwa makini, bila kurukishwa. Gibson anatembea kama mzee anayeshuka ngazi za mawe. Kila anapokosa au kuupeleka mpira kando, mguu wake wa nyuma unashindwa kumbeba, naye anayumba. Safari moja mpira unadunda kandokando ya mstari wa kwanza, anaanza kuukimbilia, na mtu yeyote aliyewahi kuteguka goti atajua kwamba hakuwa akikimbia, alikuwa akichechemea kwa kasi. Straiki mbili zinamfikia mapema. Anaendelea kuipeleka mipira kando, anaacha ile mibaya ipite, Davis anaiba kituo cha pili, na hesabu inafika boli tatu na straiki mbili. Gibson anatoka kwenye eneo la kupigia. Baadaye alieleza kwamba hapo alikumbuka onyo la Mel Didier, aliyewachunguza wapinzani kwa niaba ya Dodgers: hesabu ikifika hapo dhidi ya mpigaji wa mkono wa kushoto, Eckersley atarusha mpira unaopinda kutoka nje kuingia ndani. Ukaja huohuo. Gibson aliupiga kwa mikono tu, karibu bila msaada wa miguu, ukatua kwenye jukwaa la kulia, Dodgers wakashinda 5-4. Nyuma ya jukwaa hilo, picha zinaonyesha taa nyekundu za magari ya mashabiki waliokuwa wamekata tamaa na wanaondoka. Hakupiga tena katika fainali zile. Dodgers walizimaliza kwa michezo 4 dhidi ya 1.

Sasa tugeukie mwaka 1986, ambako mambo si mepesi hivyo, na ambako, kwa maoni yangu, kipande kifupi kinachozunguka mtandaoni kimefanya dhuluma kubwa. Kipande hicho kinaonyesha mpira unaobingirika polepole kuelekea kituo cha kwanza, mtu wa makamo mwenye masharubu anainama, mpira unapita katikati ya miguu yake, na New York wanashangilia. Mtu huyo ni Bill Buckner. Nilipokiona kwa mara ya kwanza niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba Boston walikuwa wakiongoza na kwamba kosa lile ndilo lililowanyang'anya kombe. Yote mawili si kweli, na njia ya kulijua hilo ni kuutazama mchezo mzima.

Red Sox hawakuwa wametwaa ubingwa tangu mwaka 1918. Usiku ule walikuwa wakiongoza fainali kwa michezo 3 dhidi ya 2, na mrushaji wao alikuwa Roger Clemens, ambaye mwezi Aprili mwaka uleule alikuwa ameweka rekodi ya kuwatoa wapigaji 20 kwa straiki katika mchezo mmoja. Mets walikuwa timu iliyoshinda michezo 108 katika msimu, yenye kujiamini kupita kiasi na kuchukiwa karibu kila mji ilikokwenda. Mchezo ulikuwa wa kuvutana: Boston walitangulia 2-0, Mets wakasawazisha, Boston wakapata la tatu, Mets wakasawazisha tena katika awamu ya nane. Katikati ya yote hayo, mwanzoni kabisa, mtu mmoja alitua uwanjani kwa parachuti akiwa na bango la kuwashangilia Mets, jambo ambalo nalitaja tu ili mtazamaji asidhani rekodi yake ina hitilafu.

Awamu 9 zilikwisha 3-3. Katika awamu ya kumi Dave Henderson wa Boston aliupeleka mpira nje ya uzio, alama nyingine ikaongezwa, ikawa 5-3. Mets wakaja kupiga. Wawili wa kwanza, Wally Backman na Keith Hernandez, walitolewa, na Hernandez, kwa kuona kwamba mambo yamekwisha, aliingia ofisini kwa kocha wake kutazama mwisho kwenye televisheni. Upande wa pili, katika chumba cha Red Sox, shampeni ilikuwa imeandaliwa, na ubao wa matangazo wa Shea Stadium ukatoa kwa mara moja ujumbe wa kuwapongeza Boston kabla ya wakati.

Gary Carter akapiga, akafika kituo cha kwanza. Kevin Mitchell akapiga. Ray Knight, ambaye alikuwa ameshafikisha straiki mbili, akapiga mpira dhaifu ukaangukia mahali pasipo na mtu, Carter akafika nyumbani: 5-4. Red Sox wakambadilisha mrushaji, Calvin Schiraldi akatoka na Bob Stanley akaingia, na mpigaji aliyefuata akawa Mookie Wilson. Kupiga kwake kulichukua mipira 10, na humo ndimo mchezo mzima ulimokaa. Straiki mbili zilishaingia, moja tu ilibaki, naye akaendelea kuipeleka mipira kando. Kisha Stanley alirusha mpira uliomjia Wilson miguuni. Wilson aliruka, akajikunja hewani kama mtu anayekwepa nyoka, mpira ukampita mdakaji, na Mitchell akakimbia nyumbani. 5-5. Knight akasogea kituo cha pili. Hapa ndipo Boston walipopoteza uongozi wao, na Buckner alikuwa hajaugusa mpira.

Mpira wa kumi ndio ule unaoonekana kwenye kipande. Wilson aliupiga vibaya, ukabingirika kando ya mstari, na Buckner, mwenye miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyokwisha kuchakaa, alichelewa kushusha glavu. Knight alikimbia kutoka kituo cha pili hadi nyumbani huku ameshika kichwa kwa mikono miwili kama asiyeamini anachokiona. Katika michezo ya awali ya fainali zile, kocha John McNamara alikuwa akimtoa Buckner mwishoni na kumwingiza Dave Stapleton, mwenye miguu mizima zaidi; usiku ule hakufanya hivyo. Na hata baada ya kosa, ulibaki mchezo wa saba, ambao Boston waliuanza kwa kuongoza 3-0 kabla ya kuupoteza 8-5. Kati ya wote wanaostahili kulaumiwa, Buckner sidhani kama anaingia hata katika tatu bora.

Ukiweka michezo hii kando kwa kando, tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni kile ambacho muhtasari unakiacha. Mchezo wa mwaka 1988 ulikaa tuli kwa muda mrefu: baada ya pigo la Canseco, awamu nyingi zinapita bila jambo la kumfanya mgeni asogee kwenye ukingo wa kiti, na uzito wote uko katika dakika chache za mwisho. Anayetazama kuanzia pale Eckersley anapoingia atapata karibu kila kitu. Mchezo wa mwaka 1986, kinyume chake, hauwezi kufupishwa bila kugeuzwa. Unachukua muda wa takribani saa nne, na saa hizo ndizo zinazokufundisha kwa nini mipira 10 ya Wilson ilikuwa mizito kiasi kile.

Kwa upande wa wachezaji, mizani inaelemea New York pia, ingawa si kwa mbali. Katika Shea Stadium utawaona Clemens akiwa katika ubora wake, Wade Boggs, Jim Rice na Gary Carter, ambao watatu hao wa mwisho wameingizwa katika jumba la heshima la besiboli, pamoja na Hernandez na Darryl Strawberry. Utamkosa Dwight Gooden, ambaye mwaka 1985, akiwa na miaka 20, alishinda michezo 24 na kupoteza 4 tu. Hakurusha usiku ule. Dodger Stadium nako kuna pengo lake: Orel Hershiser, aliyemaliza msimu wa 1988 kwa awamu 59 mfululizo bila kuruhusu alama, na kuivunja rekodi ya Don Drysdale ya mwaka 1968, hakupangwa katika mchezo wa kwanza. Anayemtaka Hershiser, ambaye kwangu ndiye mrushaji wa kuvutia kuliko wote wa muongo ule kwa kuwa hakutegemea nguvu, na atazame mchezo wa tano wa fainali hizohizo, aliouanza na kuumaliza mwenyewe. Canseco na McGwire wanasisimua bado, lakini wote wawili baadaye walikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu, na si rahisi tena kuwatazama kwa jicho la wakati ule.

Kuna uzi mmoja unaoziunganisha timu zilizoshindwa, nao ni wa kushangaza. Mwezi Mei mwaka 1984 Chicago Cubs walimpeleka Buckner Boston, na mmoja wa wachezaji waliowapokea kutoka Red Sox alikuwa Dennis Eckersley. Wanaume wawili waliobadilishana nafasi ndio walioishia, mmoja mwaka 1986 na mwingine mwaka 1988, kuwa sura za kushindwa kwa muongo mzima. Waliyoyapata baadaye hayakufanana. Eckersley alibaki chumbani usiku ule akijibu maswali ya wanahabari hadi yakawaishia, mwaka 1992 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka 2004 akaingizwa katika jumba la heshima. Buckner, ambaye alikuwa bingwa wa upigaji mwaka 1980 na aliyestaafu akiwa na mipigo salama 2,715, alitukanwa na kutishiwa, hatimaye akahamia Idaho na familia yake. Aprili 2008, baada ya Red Sox kuwa wametwaa ubingwa mara mbili, mwaka 2004 na 2007, alirudi Boston kurusha mpira wa ufunguzi, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Alifariki mwaka 2019.

Sababu moja inaweza kumfanya msomaji wa Afrika Mashariki aupendelee usiku wa Los Angeles: Dodgers ndio waliowasajili vijana wawili wa Uganda mwaka 2022, miaka 10 baada ya watoto wa Lugazi kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, na anayewafuatilia vijana wa kwetu ana haki ya kuanza na historia ya klabu hiyo. Mwenye watoto nyumbani, au mwenye nusu saa tu, naye achague 1988 na aanzie awamu ya tisa. Akifika kwenye pigo la Gibson asipunguze sauti, kwa kuwa Scully aliutangaza mpira ukiruka, kisha akanyamaza kwa zaidi ya dakika moja na kuuacha uwanja useme. Mwaka 1986 alifanya vivyo hivyo.

Kwa mwenye usiku mzima, chaguo langu ni Shea Stadium, tangu mpira wa kwanza. Awe tu na kalamu na karatasi: televisheni ya wakati ule haikuweka matokeo kwenye pembe ya kioo muda wote, na Wilson anapojiandaa kwa mpira wa kumi, mtazamaji anapaswa kuwa ameshaandika 5-5 kabla Buckner hajainama.